Nilivyompima kwa Jicho Mbwa wa Dama

Nilipostaafu nikakabidhi friji ya chanjo, pikipiki na mkebe wa sindano, vijana wa ofisi ya mifugo hapa Garsen waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, wasije wakarudia makosa ya wazee. Nadhani walitarajia mafuriko na fahali wakali. Nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia hayo, tena kwa mbwembwe, Maymuna aliponipigia simu. Maymuna ni binti wa Kiorma aliyekalia kiti changu, mfanyakazi bora kuliko nilivyokuwa mimi, na nalisema hili bila kungoja asante yake. Kuna mtu mjini, alisema, anataka kufuga mbwa mdogo wa aina ya teria, wale wafupi wenye mkia uliosimama na kelele nyingi. Aambiwe nini kabla hajamleta nyumbani? Nilimjibu kwa maneno machache na simu ikakatika mkononi mwangu. Kisha nikazichana zile kurasa za mafuriko, kwa sababu jibu la swali lake ninalo, na nililipata kwa kumuumiza mtu.

Lakini niende kwa mpango. Bila siku zangu za kwanza hamtaelewa nilivyokosea.

Nilifika kazini nikiwa na koti jeupe. Mama yangu, Mpokomo wa kando ya mto ambaye hakuwahi kumiliki hata mbuzi, alikuwa amelipiga pasi ya mkaa hadi likasimama lenyewe. Nilitumwa moja kwa moja kwenye krashi, ule uzio mwembamba wa magogo ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja ili wadungwe sindano. Hapo nilimkuta Mzee Galgalo, mchanjaji wa siku nyingi, Muorma mrefu aliyekuwa na mswaki mdomoni asubuhi hadi jioni. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Koti nyeupe ya nini?" akauliza. "Ng'ombe ataona wewe ni yangeyange. Atangoja umtoe kupe."

Kabla ya saa nne koti lilikuwa na rangi ya samadi. Sikulivaa tena, ingawa mama aliendelea kuniulizia kwa miaka.

Dawa zetu nyingi hutolewa kwa uzito wa mnyama. Kwa ajili hiyo tulipewa utepe wa kupimia, unaouzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ukasoma kilo palepale. Utepe ni kitu kizuri ukiwa na ng'ombe watano. Ukiwa na mia tatu, na wenyewe wametoka mbali na wanataka kurudi malishoni kabla jua halijawa kali, utepe hubaki mfukoni. Galgalo hata mfukoni hakuwa nao. Alikuwa akimtazama ng'ombe anavyoingia, anasema, "Mia mbili na ishirini," mimi najaza bomba la sindano, nadunga, anaingia mwingine. Nilidhani anabahatisha. Siku moja nikamtega: nikapima ng'ombe ishirini kwa utepe baada ya yeye kutaja kilo zao. Hakuna hata mmoja ambaye alimkosea kwa zaidi ya kilo kumi.

"Soma mgongo, usisome tumbo," alinifundisha. "Tumbo ni muongo. Imekunywa maji tu."

Nikaanza kusoma migongo. Nilisoma migongo krashini, sokoni, hata nikiwa njiani kwenda harusini. Ilinichukua miaka, lakini jicho liliiva, na wafugaji wakaanza kuniita "daktari" ingawa cheti changu hakikusema hivyo. Ukitaka kujua nilivyojisikia, mwangalie jogoo aliyepanda juu ya ghala.

Kuna jambo moja la Galgalo ambalo nililicheka. Siku moja mama mmoja alileta mbuzi, nami nikamwuliza mzee, "Kilo ngapi?" Akaondoka pale kabisa, akaenda kukaa kivulini.

"Mbuzi uliza mwingine," alisema. "Jicho yangu ni ya ng'ombe."

Nikawasimulia wenzangu ofisini jinsi Mzee Galgalo anavyoogopa mbuzi. Tulicheka wiki nzima. Leo yeye ni marehemu, na ningependa kumwomba radhi kwa kicheko kile.

Kuhusu mbwa, sikujua lolote, na sikujua kwamba sijui. Kazi yangu na mbwa ilikuwa moja tu, chanjo ya kichaa. Nakumbuka safari ya Kau, tulikwenda kwa mtumbwi nikiwa nimelipakata sanduku la barafu. Wenyeji walileta mbwa wao wamewafunga kamba za katani, mbwa wa kulinda mashamba dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu, wembamba, wakali, wasio na jina. Galgalo, kwa sababu ya dini yake, hakugusa mate ya mbwa, kwa hiyo yeye alishika kamba kwa mbali nami nikadunga. Sekunde tano, mwingine. Kwangu mbwa alikuwa kitu kilichoko mwisho wa kamba. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbwa anapenda nini.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa Dama.

Dama ni mama wa Kigiriama mwenye duka la mchele na mbegu hapa mjini, na shamba la mpunga kule Kilelengwani. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, na watoto wake wote wako mbali kikazi. Kaka yake alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja Malindi. Wenye nyumba walikuwa wanahama na hawakuweza kuondoka na mbwa wao, teria mdogo wa kike, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi. Kaka mtu akamwambia dada yake, mchukue, atakumalizia panya dukani. Dama hakukurupuka. Alikuja krashini kuniuliza kwanza, na ninyi mnaosoma jueni kwamba watu wa namna hiyo ni wachache. Wengi huja mnyama akiwa ameshalala ubavu.

"Daktari, nimepawa kambwa kadogo ka kizungu," alisema. "Nikachukue? Kanataka nini?"

Nilikuwa na ng'ombe mia mbili mbele yangu. Sikugeuza hata shingo.

"Mbwa ni mbwa, Dama. Mpe ugali, mfunge kamba, basi."

Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo lililozaa mengine. Kama ningesimamisha ng'ombe wale kwa dakika kumi, na kama ningekuwa na akili niliyonayo leo, ningemwambia hivi: Dama, mbwa huyu ni mdogo kwa kimo tu. Watu waliomtengeneza walimtaka aingie mashimoni kumtoa mnyama aliyejificha, kwa hiyo atachimba, na hutamwachisha kuchimba kama vile huwezi kumwachisha bata maji. Ukimfunga kamba mchana kutwa atalia mpaka majirani wakuchukie. Anataka kazi, kutembea asubuhi na jioni, kucheza, na mtu wa kumsemesha. Kuku atawakimbiza, mbuzi atawabwekea, kwa hiyo mfundishe mapema, kwa upole na bila kuchoka, maana ana kichwa kigumu na akipigwa anakuwa mgumu zaidi. Akiona nyoka hatarudi nyuma. Ataishi miaka kumi na mitano akitunzwa, basi fikiria nani atabaki naye wewe ukiugua. Zungumza na majirani kabla hajaja, si baada. Na mwili wake ni mdogo mno, dawa yoyote atakayopewa, hata ya kupe, hakikisha amewekwa kwenye mizani kwanza.

Badala ya hayo yote nilimwambia ugali na kamba.

Dama alimwita Chenga, kwa kuwa alikuwa mdogo kama mchele uliovunjika. Kamba ilidumu siku moja. Chenga aliitafuna, akaingia ghalani kwa chini, na kufikia jioni alikuwa amepanga panya saba mlangoni. Wiki ya pili alichimba chini ya ua akatokea kwa jirani, Mama Halako, akalamba sufuria iliyokuwa imeanikwa. Mama Halako ni mtu wa swala tano. Aliiosha sufuria mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyomtaka, akaianika. Chenga akarudi akailamba tena. Nasikia maneno yaliyosemwa siku ile yalifika mpaka kituo cha magari.

Dama alifanya nilichopaswa kumwambia afanye tangu mwanzo. Alikwenda kwa jirani, akakaa, wakanywa chai, wakaelewana. Akazika mawe chini ya ua wote. Alfajiri, kabla ya kufungua duka, alimtembeza Chenga mpaka daraja na kurudi. Haukupita muda mrefu nikamsikia mwenyewe Mama Halako akiita juu ya ua: "Dama! Panya iko huku jikoni! Lete huyo msichana yako, lakini asiguse vyombo!" Dama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu azike mumewe sikuwa nimemsikia akicheka.

Msimu wa mpunga ulipofika, akampeleka Kilelengwani. Panya wa shambani wanajua kumaliza jasho la mtu, na Chenga aliwafuata kwa bidii hadi akayatoboa matuta, maji yakakimbia, majaruba mawili yakakauka. Dama aliniambia hayo kama mtu anayemsifu mtoto mtundu. Akarudishia matuta, akaendelea kumpeleka. Alikuwa akizungumza naye njia nzima, na watu walimwona kama amepungukiwa. Mimi pia nilimwona hivyo, lazima nikiri.

Kule kando ya mto kuna ndorobo, inzi yule anayewapa ng'ombe ugonjwa ambao wafugaji huuita gandi. Mbwa naye huupata. Asubuhi moja, miaka minne iliyopita, Dama alifika krashini kwa bodaboda, Chenga akiwa ndani ya kikapu. Alikuwa halali wala haamki. Ufizi ulikuwa mweupe, na macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu wa rangi ya samawati. Ugonjwa niliutambua palepale, na hapo sikukosea.

"Daktari, ng'ombe kwanza!" mfugaji mmoja alipaza sauti kwenye foleni. "Mbwa atangoja. Ama siku hizi tunapanga laini na mbwa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ofisini, mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki, nilikuwa na sindano ndogo zinazopima hadi sehemu ya kumi ya mililita. Pale krashini nilikuwa na bomba la ng'ombe tu, ambalo alama yake ndogo kabisa ni mililita moja, na chupa ya dawa ya gandi ambayo nilishaichanganya kwa ajili ya ng'ombe. Dawa ile kwa ng'ombe ina nafasi ya kukosea. Kwa mbwa haina. Nilikuwa nimesomeshwa hivyo chuoni na niliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Na kilo zake?" Dama akauliza. "Hupimi?"

"Jicho hili limepima ng'ombe wa Tana nzima," nikamjibu, kwa sauti ya kuwasikilizisha watu. "Huyu ni kilo kumi."

Niliusoma mgongo, kama ilivyo desturi yangu. Mgongo wa mbwa yule ulikuwa na manyoya, na chini ya manyoya hapakuwa na nyama, ugonjwa ulikuwa umeimaliza. Nikajaza mpaka alama ya kwanza, na ikapita kidogo, nikasema potelea mbali. Nilipochomoa sindano, Chenga aliulamba mkono wangu.

"Kesho kutwa atakukimbiza mwenyewe," nilimwambia Dama. Akanibariki mimi na watoto wangu, akapanda bodaboda.

Siku iliyofuata Chenga alikula. Ukungu wa macho ulianza kupungua, na Dama alinipigia simu akiwa na furaha hadi maneno yakamkwama. Siku ya tatu akapiga tena. Nilipofika dukani nilimkuta Chenga chini kati ya magunia. Kichwa kilikuwa kimepinda upande mmoja, miguu ikipiga hewani, na alikuwa akilia sauti moja isiyokatika. Dama alikuwa amepiga magoti akimwekea pamba ya maji midomoni.

Nilijua kabla sijainama. Huo haukuwa ugonjwa. Dawa ikizidi kwa mbwa huenda kichwani, nayo haiji siku ile, huja siku ya pili au ya tatu, wakati umeshasahau. Nilitoka nje nikajifanya nachukua kitu kwenye pikipiki, nikapiga hesabu kwenye kasha la chanjo. Hata kama angekuwa na zile kilo kumi nilizotaja, kipimo chake kilikuwa nusu ya mililita. Nilimpa zaidi ya moja. Dawa ya kuiondoa dawa ile hakuna. Nikarudi ndani, nikakaa juu ya gunia la mbegu, tukangoja pamoja. Alikata roho wakati wa adhana ya alasiri.

"Ni nini, daktari?" Dama aliuliza. "Si alikuwa amepata afueni?"

Mtu akikuuliza hivyo una muda mfupi sana wa kuchagua. Wenzangu, sikuchagua vyema.

"Ni ndorobo," nikasema. "Ugonjwa ulikuwa umeshafika kichwani. Mbwa hawa wa kizungu hawana damu ya kuhimili mto."

Kila neno katika sentensi ile linaweza kupatikana kitabuni. Ndiyo maana ilitoka kwa urahisi. Dama akasema polepole, "Basi ni mimi. Mimi ndiye nilimpeleka Kilelengwani. Nimemuua kwa mikono yangu." Akanitazama, akingoja nimkatalie. Nikainamisha uso. Nikamsaidia kuchimba kaburi nyuma ya duka, na niliona hilo kama wema.

Nitawaambia yaliyofuata, maana watu hudhani uongo wa namna hii huishia palepale. Dama aliacha kwenda shambani. Majaruba ya Kilelengwani aliyakodisha kwa wengine, akasema miguu inamuuma, lakini alfajiri nilimwona akitembea mpaka daraja na kurudi, peke yake. Panya walirudi ghalani. Mtu alimletea paka, akamrudisha. "Mimi mnyama simuwezi," alikuwa akisema, "nilipewa mmoja nikamuua." Wengine walimcheka kwa kumlilia mbwa. Na mimi, kila nilipokwenda kununua mchele, aliniita "daktari wangu," na baada ya kupima aliongeza konzi moja juu, kwa sababu, alisema, siku ile niliacha kazi zangu nikakaa naye mpaka mwisho. Miaka minne nimekula konzi ile. Kuna siku nilimtuma mke wangu dukani ili nisiipokee, naye Dama akamwongezea mbili.

Nilijiambia nitamweleza nikistaafu. Kabla ya hapo niliogopa jina langu. Lakini nilistaafu, wiki mbili zikapita, na sikumweleza. Walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ameshaota meno.

Sasa ile simu ya Maymuna. Kabla haijakatika nilimwuliza ni nani huyo anayetaka teria.

"Ni Mama Dama wa duka la mchele," akasema. "Kaka yake amempatia puppy mwingine, wa miezi mitatu. Anamtaka, mzee, unaona kabisa anamtaka. Lakini anasema hafai kupewa, ati wa kwanza alimuua. Sasa mzee wangu, mimi nimwambie nini?"

Sikulala vizuri siku mbili zilizofuata. Siku ya tatu nikaenda dukani mapema, kabla ya wateja. Dama alikuwa anamimina mchele kwenye karai. Alinikaribisha, akavuta stuli. Nikabaki nimesimama.

"Dama," nikasema, "Chenga hakuuawa na ndorobo. Ni mimi."

Nikamweleza yote, bomba la ng'ombe, chupa, foleni, kicheko, kilo kumi. Sikumwambia kwamba nilikuwa na kazi nyingi siku ile. Nilikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini nilipofika hapo ulimi ulikataa. Dama hakunikatiza. Aliendelea kushika kibaba mkononi.

"Kilo tano na robo," alisema mwishowe.

Sikumwelewa.

"Chenga. Alikuwa na kilo tano na robo. Kila Jumamosi nilikuwa namweka hapa." Akagusa sinia la mizani iliyokuwa mezani, ile anayopimia mchele. "Alikuwa akikaa kimya, anapenda. Asubuhi ile kabla ya kumleta kwako nilimpima, nikaona amepungua hadi hiyo tano na robo, ndiyo nikashikwa na hofu. Nilikuuliza, wee baba, hupimi? Ningekwambia. Ulipotaja kumi nikadhani ni hesabu yenu ya dawa."

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi kazi yangu ni kupima, daktari. Hukuniuliza."

Nilisema nisamehe. Neno lile lilitoka dogo sana. Dama alikaa kwenye ile stuli aliyonivutia mimi, akafunika uso kwa leso, akalia. Hakulia kwa muda mrefu. Alipofunua uso alikuwa na hasira, na nilifurahi kuiona, maana kwa miaka minne hasira hiyo alikuwa anajimalizia mwenyewe.

"Miaka minne nimejiita muuaji," alisema. "Mbele yako. Na wewe unasimama hapo unangoja mchele."

"Ndiyo."

"Haya. Mbwa nitamchukua. Maymuna atamtibu. Kila unachojua kuhusu mbwa hawa, na kila ulichokosea, mwandikie yule msichana, usiache kitu. Lakini wewe, Komora, usimguse."

Hakuniita daktari. Nilikwenda nyumbani bila mchele.

Mtoto huyo wa mbwa aliletwa mwisho wa mwezi. Maymuna alifika dukani siku hiyohiyo akiwa na sindano ndogo, akamchanja, na kabla ya kumpa dawa ya minyoo alimwomba Dama aseme ana kilo ngapi. Nasikia Dama alimpima mara mbili. Amerudi shambani pia, ila mbwa humwacha kwa Mama Halako, ambaye sasa ana bakuli maalumu la mbwa upande wake wa ua na anadai hajui limetoka wapi.

Juzi nilipita nje ya duka lile. Mbwa akachomoka kati ya magunia, akanifikia mbio, akasimama kwa miguu ya nyuma, kucha zake kwenye suruali yangu, ananusa na kulia ashikwe. Uzito wake niliusikia gotini. Dama alikuwa mlangoni anatutazama. Nikaweka mikono nyuma, nikasimama hivyo hivyo mpaka alipomwita.